Hita ya Tangi la Samaki: Ijaribu Kabla Baridi Haijaingia

Hita nyingi za tangi la samaki huharibika wakati wa joto na kugundulika wakati wa baridi. Kwa miezi kadhaa maji yamekaa digrii 26 yenyewe, taa ya hita haikuwaka hata mara moja, na mwenye tangi akaamini kila kitu ki sawa. Kumbe ukoko wa chokaa ulikuwa unajijenga juu ya kioo cha hita, mpira wa shingoni unakakamaa, na ncha za swichi ya ndani zinaingia kutu. Usiku wa kwanza wa baridi kali hita inatakiwa ifanye kazi karibu bila kupumzika. Hapo ndipo inapogoma, au mbaya zaidi, inapowaka na kukataa kuzima.

Dawa yake ni kuuleta usiku huo mapema, wewe ukiwa macho. Kazi yote huchukua jioni moja na sehemu ya siku inayofuata. Ifanye wiki tatu au nne kabla ya baridi, ili ukilazimika kununua hita nyingine upate nafasi ya kuijaribu nayo. Andaa ndoo ya lita 15 hadi 20 ambayo haijawahi kutiwa sabuni, vipimajoto viwili, siki nyeupe au asidi ya sitriki ya unga, sponji laini, mkanda wa karatasi na kalamu. Pampu ndogo ya hewa na jiwe lake, lile lenye vitundu linalotoa mapovu majini, vitakusaidia sana.

Joto gani unalitafuta

Vipimo vyote hapa ni vya Selsiasi. Samaki wengi wa maji ya kitropiki wanakaa vizuri kwenye digrii 24 hadi 26, kwa hiyo tangi la mchanganyiko liweke 25. Beta anapenda 25 hadi 27. Diskasi ni wa digrii 28 hadi 30, na kwake hita si nyongeza, ni uhai. Samaki wa dhahabu wa kawaida ni wa maji ya baridi. Ndani ya nyumba hahitaji hita, na kumweka kwenye digrii 27 mwezi hadi mwezi ni kumchosha bure. Ukiwa na samaki wa dhahabu na gapi tangi moja, hakuna namba itakayowaridhisha wote, watenganishe.

Namba yenyewe ina uzito mdogo kuliko kutulia kwake. Tangi linalokaa 23 usiku na mchana ni salama kuliko linalopanda 27 jioni na kushuka 22 alfajiri. Kuyumba huko ndiko kunakowadhoofisha samaki, na mara nyingi ugonjwa wa madoa meupe hujitokeza siku chache baada yake.

Toa hita uikague

Chomoa plagi kutoka ukutani. Usitegemee swichi ya soketi peke yake, maana swichi nyingine hukata waya mmoja tu. Kisha subiri dakika 30 hita ikiwa bado majini. Kioo kilichotoka kuwaka kikipigwa na hewa ya baridi hupasuka, na wakati mwingine ufa ni mwembamba kiasi kwamba huuoni mpaka maji yameshaingia ndani.

Ifute, uipeleke penye mwanga mkali, uangalie haya. Ukiona ukungu au matone ndani ya kioo, hita hiyo imekwisha. Usiikaushe juani wala usiizibe kwa gundi. Maji na umeme vimeshakutana humo, kata waya uitupe. Ukiona weusi wa kuungua karibu na swichi ya ndani, itupe vilevile. Ukuna kioo kwa ukucha taratibu kutafuta ufa, hasa pale vikombe vya mpira vinapobana. Pinda waya kidogo mahali unapoingia kwenye kofia: ukiona mpira umepasuka au umekuwa mgumu kama plastiki ya zamani, usihatarishe. Geuza kirungu cha kuchagua joto kutoka mwanzo hadi mwisho na kurudi. Kinatakiwa kizunguke bila kukwama na bila kuteleza.

Vikombe vya mpira vinavyoshika kioo cha tangi hukakamaa baada ya mwaka mmoja au miwili. Vichemshe dakika tano. Vikilainika, vina msimu mmoja zaidi. Vikibaki vigumu, badilisha, kwa sababu hita iliyodondoka usiku na kulalia changarawe inapata moto upande mmoja.

Kuondoa ukoko wa chokaa

Ukoko mweupe ni kama koti. Joto linashindwa kutoka kwenda majini, waya wa ndani unazidi kupata moto, kioo kinachoka na swichi inasoma joto lisilo sahihi. Weka hita imesimama ndani ya jagi refu, utie siki nyeupe mpaka ifunike ukoko lakini isifike kwenye kofia na waya. Kama unatumia asidi ya sitriki, vijiko viwili vya chakula kwa lita moja ya maji ya vuguvugu vinatosha. Mapovu yataanza mara moja. Baada ya dakika 30 futa kwa sponji, palipobaki rudia. Suuza kwa maji mengi.

Sabuni hapana, steelwool hapana, wembe hapana. Mkwaruzo mdogo juu ya kioo ndipo ufa wa kesho unapoanzia.

Kipimajoto kipimwe kwanza

Huwezi kuihukumu hita kwa kipimajoto ambacho hujakihukumu. Jaza kikombe barafu iliyopondwa, ongeza maji baridi kidogo tu ya kujaza mianya, koroga dakika mbili, tumbukiza kipimajoto. Kinatakiwa kisome 0. Kikisoma 1.5, andika kwenye mkanda ubavuni mwake "toa 1.5". Vipimajoto vya bei nafuu hutofautiana digrii moja au mbili bila tatizo lolote jingine, na ukijua kinakosea kwa kiasi gani, bado kinafaa. Kama kipimo chake hakifiki sifuri, kilinganishe na kile ulichokwisha kukipima, vyote ndani ya maji ya digrii 25.

Zile karatasi za kubandika nje ya kioo zinasoma kitu cha katikati kati ya maji na hewa ya chumba. Wakati wa joto tofauti hiyo haionekani. Wakati wa baridi, chumba kikiwa 14, karatasi itakudanganya na wewe utapandisha hita bila sababu. Iache kama pambo.

Jaribio la ndoo

Hapa ndipo hita mbovu inapojifichua. Kanuni unayoihitaji ni moja:

dakika = lita × digrii unazotaka kupanda × 70 ÷ wati

Inatokana na ukweli kwamba lita moja ya maji huhitaji jouli 4,186 kupanda digrii moja. Kwa hiyo hita ya wati 100 ndani ya ndoo ya lita 15, maji yakitoka digrii 20 kwenda 26, itahitaji 15 × 6 × 70 ÷ 100, yaani dakika 63. Ndoo nayo inapoteza joto kidogo, kwa hiyo ongeza kama sehemu ya tano: dakika 75 ni sawa kabisa.

1. Jaza ndoo kwa kipimo, si kwa kukadiria. Weka hita maji yapite alama ya chini iliyochorwa juu yake, isiguse ukuta wa plastiki. Tumbukiza jiwe la hewa.

2. Subiri dakika 15 hadi 30 hita izoee joto la maji. Weka kirungu kwenye 26, kisha chomeka plagi. Andika saa na joto.

3. Soma joto kila dakika 15. Usitie mkono ndani ya maji hita ikiwa imechomekwa, hata kama kifungashio kinajisifu vipi. Ukitaka kukoroga, chomoa kwanza.

4. Taa ikizima, andika joto halisi la maji. Hapo ndipo unapojua kirungu kinakosea kiasi gani. Kama kirungu kilikuwa 26 na maji yamefika 27.5, bandika mkanda kwenye waya na uandike hivyo. Usishangae, vile virungu ni vya kukadiria.

5. Mimina lita mbili za maji baridi upande ulio mbali na hita. Joto likishuka digrii moja, taa inatakiwa iwake tena. Rudia mara tatu.

6. Iache ikifanya kazi saa tano au sita ukiwa nyumbani, kisha soma tena. Joto linatakiwa lizunguke ndani ya nusu digrii hadi digrii moja ya pale ilipozima mara ya kwanza.

Bila jiwe la hewa maji ya juu yatapata moto na ya chini yatabaki baridi, hita itazima mapema, na utaishutumu bure.

Ikichukua muda maradufu ya hesabu, angalia taa ilikuwa inafanya nini. Kama iliwaka muda wote na maji hayapandi, waya wa joto umekatika: taa mara nyingi ina njia yake ya umeme na huwaka tu kama kawaida, jambo linalowadanganya wengi. Kama inawaka na kuzima kila baada ya sekunde chache, ncha za swichi zimechafuka, au maji hayazunguki. Na kama taa imeendelea kuwaka maji yakipita digrii 29 huku kirungu kikiwa 26, ncha zimeyeyuka zikashikana. Hita hiyo ingechemsha samaki wako. Hakuna matengenezo hapo.

Sababu ya kushikana ni rahisi. Ndani ya hita za kawaida kuna ukanda wa metali mbili zilizounganishwa, ambazo hutanuka kwa viwango tofauti. Ukipata joto unapinda na kuachanisha ncha. Kila mara ncha zinapoachana, cheche ndogo huruka na kuchimba kishimo. Baada ya maelfu ya cheche, siku moja zinagandana. Ukiwasha redio karibu ukasikia mikwaruzo mifupi mfululizo kila hita inapowaka na kuzima, hiyo ndiyo sauti ya ncha zilizozeeka.

Hita yako inatosha?

Utaambiwa wati moja kwa kila lita moja. Ni kauli nzuri kwa mtu asiyejua chochote kuhusu chumba chake. Wewe una tangi tayari, na tangi lenyewe linaweza kukupa jibu kamili.

Joto linalopotea linalingana na tofauti kati ya maji na chumba. Tofauti ikiongezeka mara mbili, hita itafanya kazi mara mbili. Kwa hiyo pima leo, ukokotoe usiku mbaya.

Chagua usiku wa kawaida wenye ubaridi kidogo, taa za tangi zikiwa zimezimwa angalau saa mbili. Elekeza kamera ya simu kwenye taa ya hita urekodi saa nzima, kisha ujumlishe dakika ilizowaka. Hakikisha kwanza taa ya hita yako huwaka tu inapopasha maji, kwani nyingine hubadilisha rangi tu. Ukiwa na mita ndogo ya umeme ya kuchomeka kwenye soketi, kazi ni rahisi zaidi: isome baada ya saa 24, na uchukue wastani wa joto la chumba wa saa hizohizo.

Tuseme tangi ni la lita 100, hita ya wati 100, maji 25 na chumba 21. Hita imewaka dakika 24 katika 60. Maana yake imetoa wastani wa wati 40 kushikilia tofauti ya digrii 4, yaani wati 10 kwa kila digrii. Sasa alfajiri ya baridi kuliko zote chumba hicho hushuka hadi 12. Tofauti ni 13, na kinachohitajika ni wati 130. Hita ya wati 100 ikiwaka bila kuzima itaishia tofauti ya digrii 10: maji yatasimama kwenye 22 na hayatapanda, hata ukizungusha kirungu mpaka mwisho. Watu wengi hufika hapa na kudhani hita imeharibika. Ni nzima, imezidiwa tu.

Ongeza theluthi moja kwa usalama, kwa sababu pampu iliyozama majini nayo inapasha maji kidogo na hukuihesabu. Tangi hilo linataka wati 170 hivi. Joto la alfajiri lipime kando ya tangi, kwa urefu uleule, kabla jua halijachomoza. Kama hujawahi kulipima, chukua unalolikumbuka utoe digrii mbili.

Usikimbilie kununua hita moja kubwa. Tazama upande wa pili wa hesabu: hita iliyoganda ikiwa imewaka hupandisha maji hadi wati zake zigawanywe kwa upotevu wa tangi. Tangi dogo la lita 40 linalopoteza wati 5 kwa digrii, likiwa na hita ya wati 200, linaelekea digrii 40 juu ya joto la chumba, na linapanda digrii moja kila dakika 14 mwanzoni. Mtu akitoka asubuhi, akirudi mchana hakuna aliye hai. Tangi hilohilo na hita ya wati 50 haliwezi kuzidi digrii 10 juu ya chumba. Siku ya baridi samaki wangeendelea kuishi bila hata kujua.

Ndiyo maana hita mbili ndogo ni bora kuliko moja kubwa kwa tangi lolote la kuanzia lita 80. Kwa mfano wetu, weka mbili za wati 100, moja kila upande. Moja ikifa, nyingine inapunguza kasi ya kushuka. Moja ikiganda imewaka, haina nguvu ya kuchemsha peke yake. Weka ya kwanza kwenye 25 na ya pili kwenye 24.5, usiku wa kawaida ya kwanza ifanye kazi, na ya pili iingie baridi ikizidi. Badilishana zamu kila mwezi ili zichakae sawa.

Kinga nyingine nzuri ni kidhibiti joto cha nje: kisanduku chenye waya wa kupimia unaoingia majini, nayo hita inachomekwa ndani yake. Kidhibiti kiweke 25, hita yenyewe 26.5. Kisanduku ndicho kinachofanya kazi ya kila siku, na swichi ya hita inabaki mlinzi wa pili. Hatari yake moja: waya wa kupimia ukitoka majini utasoma hewa ya chumba na kuamuru hita iwake milele. Ushikize mahali pawili, chini kabisa ya usawa wa maji.

Punguza upotevu kabla ya kuongeza wati

Tangi lisilo na mfuniko linapoteza joto jingi kwa maji kugeuka mvuke. Lita moja ikitoweka kwa siku, imeondoka na joto sawa na wati 28 zinazowaka usiku na mchana. Pima tangi lako: bandika mkanda kwenye usawa wa maji, urudi baada ya siku moja. Tangi la sentimita 80 kwa 35 likishuka milimita 3 limepoteza lita 0.84, sawa na wati 24. Kipande cha kioo juu yake, kikiachwa upenyo wa sentimita moja au mbili nyuma kwa ajili ya hewa, kinarudisha sehemu kubwa ya hizo wati. Beta atakushukuru zaidi, maana anavuta hewa ya juu ya maji, na hewa hiyo sasa ni vuguvugu.

Baada ya mfuniko, funika mgongo na mbavu mbili za tangi kwa ile plastiki nyeupe nyepesi wanayofungia runinga ndani ya boksi, unene wa sentimita 2. Mbele acha wazi. Ukimaliza, hesabu upya dakika za taa. Huenda hita uliyotaka kuibadilisha sasa inatosha. Tangi lililo chini ya dirisha au mbele ya mlango unaovuta upepo, lihamishe kama inawezekana, lakini likiwa limepunguzwa maji: lita 100 ni kilo 100.

Mahali pa kuiweka

Hita inasoma joto la maji yaliyoizunguka tu. Ikijificha nyuma ya jiwe, inapasha yale maji yake, inaridhika, inazima, na upande wa pili wa tangi unabaki baridi kwa digrii mbili au tatu. Iweke pale maji yanapotoka kwenye kichujio, au yanapoingia. Kama maelekezo yake yanaruhusu ilazwe, ilaze sentimita 5 juu ya changarawe: joto hupanda likisambaa, na maji yakipungua kwa mvuke haibaki nje. Ile isiyoruhusiwa kulazwa isimamishe wima, ukihakikisha maji hayashuki kamwe chini ya alama yake. Usiizike kwenye changarawe. Penye samaki wakubwa wanaogongagonga, au wale wanaopenda kujibandika kwenye vitu, ivalishe kizuizi cha plastiki chenye matundu, la sivyo utakuta samaki ana jeraha la kuungua ubavuni na hujui limetoka wapi.

Kipimajoto kikae upande wa mbali na hita. Kikiwa jirani yake kitakuambia unachotaka kusikia.

Waya ushuke chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kwenda kwenye plagi, ili tone linaloteremka juu yake lidondoke sakafuni na si ndani ya soketi. Soketi ya ekstensheni ipandishwe ukutani, isilale sakafuni chini ya tangi. Kifaa cha kukata umeme unapovuja, chenye kiwango cha miliampia 30, ni cha lazima. Bonyeza kitufe chake cha majaribio kila mwezi. Kikianza kujikata, chomoa vyote kisha chomeka kimoja kimoja. Kile kitakachokikata ndicho kinachovuja, na mara nyingi ni hita. Ukihisi mtekenyo kwenye kidole chenye mkwaruzo unapogusa maji, toa mkono, kata umeme kwenye swichi kuu, mengine baadaye.

Kama maji yameshapoa hadi 20 kabla hujawahi, usiyarudishe 26 kwa siku moja. Panda digrii moja au mbili kwa siku.

Kubadilisha maji wakati wa baridi

Hapa hita nzuri kabisa hushindwa kwa makosa ya mwenyewe. Maji ya bomba yakiwa 12 na ukabadilisha robo ya tangi lenye 25, joto linaanguka digrii 3.25 kwa mkupuo. Kwa tangi la lita 100 na hita ya wati 100, kurudi kunachukua karibu saa nne, bila kuhesabu upotevu.

Pasha maji ya ndoo kwanza. Ili kupata lita 25 za digrii 25 kutoka maji ya 12, changanya lita 3.7 za maji yaliyochemka na lita 21.3 za baridi. Changanya ndani ya ndoo, kamwe si ndani ya tangi, koroga, pima, weka dawa yako ya kuondoa klorini kama kawaida, ndipo umimine. Tofauti isizidi digrii moja na maji ya tangi. Ukikosa maji ya moto, badilisha sehemu ya kumi mara mbili kwa wiki badala ya robo mara moja.

Chomoa hita nusu saa kabla ya kuanza kufyonza maji. Ikibaki nje ikiwa imewaka, kioo hupata moto mkali, na maji mapya yakiigusa hupasuka. Halafu kosa linaloua kuliko yote: kusahau kuichomeka tena. Chomeka kichujio na hita kwenye ekstensheni moja, uzime yote kwa pamoja. Hita isiyowaka ni kimya, lakini kichujio kisichonguruma utakisikia tu.

Umeme ukikatika

Lile tangi letu la lita 100, ndani ya chumba cha digrii 14, litatoka 25 hadi 22.5 kwa saa tatu, na karibu 20.5 kwa saa sita. Si dharura ya dakika tano. Lifunike blanketi pande zote, ukiacha upenyo juu. Acha kulisha. Washa pampu ya hewa ya betri kama unayo. Maji baridi yanashika oksijeni zaidi (miligramu 9.1 kwa lita kwenye digrii 20, dhidi ya 7.6 kwenye 30), kwa hiyo kupoa taratibu samaki wanakuvumilia kuliko kupanda ghafla.

Chupa ya lita moja na nusu yenye maji ya digrii 60, ikiwa imefungwa vizuri na kuelea tangini, inapandisha lita 100 kwa nusu digrii. Chupa mbili kila saa zinatosha kusimamisha kushuka. Maji yaliyochemka yanakunja chupa ya plastiki, kwa hiyo yapooze kwanza, na punguza maji ya tangi kidogo yasifurike.

Wiki ya kwanza ya baridi, soma joto mara mbili kwa siku, alfajiri na jioni, uandike. Tofauti ikiwa chini ya digrii moja, acha kila kitu kilivyo. Ikizidi, na taa ya hita inawaka alfajiri muda wote, wati hazitoshi au mfuniko haujakaa sawa. Ikizidi na taa inawaka na kuzima, sogeza hita kwenye mkondo wa maji. Na hita ya akiba uliyokwisha kuipitisha kwenye ndoo, yenye mkanda unaoonyesha makosa ya kirungu chake, ikae kwenye droo iliyo karibu na tangi, pamoja na vikombe vyake vya mpira.